Daftari la msikiti na safari ya Siyu



Wasomaji wa ukurasa huu huenda wamebaini kwamba kalamu yetu ilinyamaza tangu mwishoni mwa Rajabu. Wapo waliotuuliza msikitini, na wapo waliomuuliza mhariri. Tuliwajibu kwamba tumebanwa na kazi za kamati, jibu ambalo lilikuwa nusu tu ya ukweli. Leo, katika Mfunguo Sita, tumerudi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na tunaona kwamba haki ya kwanza ya msomaji ni kuelezwa nusu iliyobaki.

Simu ndani ya birika

Kwa muda wa miaka miwili tulikuwa tumeacha kutumia daftari la msikiti. Mtangulizi wetu katika ukatibu alituachia daftari kubwa lenye jalada jeusi, kurasa zake zimejaa mwandiko wa wino wa buluu, nasi tukalifungia kabatini tukijiona watu wa zama. Majina ya wachangiaji wa paa, kumbukumbu za vikao, ndoa zilizofungwa msikitini, orodha ya mayatima wanaosaidiwa, hata rasimu za makala za ukurasa huu, vyote tulivitia katika simu. Ilikuwa rahisi. Mtu akitupa mchango wake njiani, tunaandika hapo hapo kwa kidole gumba na kuendelea na shughuli zetu.

Alasiri moja tuliinama kutia udhu, simu ikateleza kutoka mfuko wa kanzu na kutumbukia birikani. Fundi aliihangaikia siku nne, kisha akaturudishia akitikisa kichwa. Hatukuwa tumeweka nakala mahali pengine popote. Fedha zenyewe zilikuwa salama, kwa sababu mweka hazina wetu alizipeleka benki na stakabadhi zake anazo. Kilichopotea ni majina.

Kamati ilikuwa imeahidi kwamba paa likikamilika, wachangiaji wote watasomwa baada ya swala ya Ijumaa na kuombewa dua, wao na marehemu wao. Tulikesha usiku wa kuamkia siku hiyo tukikumbuka, tukapata majina sitini na matatu. Tuliyasoma kwa sauti ya mtu anayejua anachokisoma.

Watu walipotawanyika, tulimkuta bibi mmoja mjane amesimama karibu na mlango wa wanawake, akitungoja. Ni muuza vitumbua wa mtaani kwetu, na hatutamtaja jina. Alituambia kwa upole, "Mwanangu, jina la marehemu sikulisikia. Labda ni haya masikio yangu."

Hayakuwa masikio yake. Tulikumbuka papo hapo kwamba kila Alhamisi, kwa miezi mingi, bibi huyu alikuwa akituletea noti ya elfu moja, mara nyingine mbili, ameifunga kwenye pindo la khanga, akisema hii ni ya mume wangu. Tulirudi nyumbani tukaitazama upya ile orodha ya majina sitini na matatu. Walikuwamo wenye maduka. Walikuwamo wenye malori. Walikuwamo waliotoa mabati kwa makumi na saruji kwa mifuko. Kumbukumbu yetu ilikuwa imewahifadhi wakubwa na kuwaangusha wadogo, bila sisi kuiamuru kufanya hivyo. Hilo ndilo lililotuuma kuliko simu.

Makala iliyokuwa ikingoja kuandikwa wiki ile ilihusu amana. Tuliketi mara tatu kuiandika na mara tatu tukainuka. Ndipo tulipomwomba mhariri atupumzishe.

Kuelekea kaskazini

Mwezi wa Muharram ulipokuwa ukimalizika, mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Maalim, alitujia barazani baada ya Isha. Mama yake mzazi alizaliwa Lamu, akaolewa Tanga. Akasema, "Katibu, nataka kuzuru kaburi la bibi yangu kabla magoti haya hayajanigomea. Twende pamoja. Na hiyo simu mpya iache kwa mama watoto."

Tulicheka, kisha tukaona kwamba hafanyi mzaha. Tukakubaliana kuchukua kitochi kimoja tu kwa wote wawili, cha kupokea habari za nyumbani. Fedha tulichukua taslimu. Namba za simu za jamaa wa Mombasa na Lamu Maalim alizinakili kwenye kijidaftari cha mfukoni. Mama watoto aliipokea simu, akaitia kabatini pamoja na lile daftari jeusi. Alisema viwili hivyo vifahamiane.

Tuliondoka Tanga alfajiri ya siku ya mwanzo ya Mfunguo Tano, tukavuka mpaka kati ya Horohoro na Lunga Lunga, na Alasiri tulikuwa juu ya kivuko cha Likoni tukiingia Mombasa. Saa za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko tulivyotarajia. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Katika foleni ya mpakani tuliugusa mfuko mtupu mara nyingi hata Maalim akatuuliza kama tumepoteza kitu. Tulitambua kwamba kwa miaka kadhaa hatukuwa tumewahi kusubiri jambo lolote. Kila kungoja tulikuwa tumekujaza picha na habari za watu tusiowajua.

Kutoka Mombasa kwenda Lamu ni safari ya karibu siku nzima. Basi hupita Kilifi na Malindi, huvuka Mto Tana kule Garsen, hupita Witu, mji uliokuwa na sultani wake katika karne ya 19, na kumalizia gatini Mokowe. Njiani askari husimamisha basi na kukagua vitambulisho. Abiria hushuka, hupanga mstari, hupanda tena. Kwa kuwa hatukuwa na cha kutazama mikononi, tulizungumza. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka hospitali ya Mombasa alitugawia mahamri, na mpaka tunafika Garsen tulikuwa tumekwisha kujua maradhi ya mjukuu wake na tumemwombea shifaa. Mokowe tuliingia katika boti, na baada ya muda mfupi mji wa Lamu ukasimama mbele yetu, nyumba nyeupe zimepangana ukingoni mwa maji.

Mji wa miguu

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wengi huenda kuutazama kwa ajili ya milango na mapambo ya kuta. Sisi tuliokwenda tukiwa na aibu moyoni tuliona zaidi namna watu wanavyopita. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija, mpita njia hujibana ukutani. Magari hayana njia humo. Katika ile njia ndefu inayopita katikati ya mji, Usita wa Mui, mtu hukutana na mwenzake uso kwa uso na hana budi kumwamkia. Nyumba za kale zina daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe mlangoni, na mwenye nyumba hukaa pale akapokea wageni na habari bila kuufungua ua wake kwa macho ya kila mtu. Tulikaa katika daka la jamaa wa Maalim jioni nne mfululizo. Hatukumbuki ni lini mara ya mwisho tulikaa jioni nne na watu wale wale tukazungumza mpaka mwadhini akatuinua.

Mtoto wa nyumba ile alituita siku ya kwanza, "Ndoo! Ndoo!" Sisi watu wa Tanga tuliangaza huku na huku tukitafuta ndoo ya maji. Maalim alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kwa Kiamu, "ndoo" ni "njoo". Mtoto alikuwa akitukaribisha chakula.

Ndani, kuta za nyumba zile za kale zina zidaka, vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, safu juu ya safu. Katika nyumba ya jamaa wa Maalim baadhi ya zidaka vina vikombe na sahani, na kimoja, kilicho juu kuliko vyote, kina msahafu na vitabu viwili vilivyofungwa kwa kitambaa. Tuliviona hivyo tukalikumbuka kabati letu la Tanga, na jinsi tulivyolifungia daftari la msikiti kana kwamba ni kiatu kilichotoboka.

Siku ya pili tuliswali Msikiti wa Riyadha, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19, ambaye wenyeji humkumbuka kwa kuwafungulia mlango wa elimu hata wale ambao jamii ya wakati ule haikuwahesabu. Riyadha ina hazina ya maandiko ya mkono, vitabu vya fiqhi, vya nahau, vya sira na vya maulidi, vilivyonakiliwa na wanafunzi na masheikh. Katika miaka ya karibuni maandiko hayo yalipigwa picha kwa msaada wa British Library ya London, kupitia mpango wake wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na leo mtu aliye mbali anaweza kuyasoma kupitia intaneti.

Jambo hili lilitufikirisha, kwa kuwa tulikuwa tumeanza kuingiwa na chuki dhidi ya kila chenye kioo na betri. Hapa mashine imefanya kazi ya heri: mchwa na unyevunyevu wa pwani havina tena uwezo wa kufuta kila kitu. Lakini tuliona pia mpangilio wa mambo. Kwanza yupo aliyeketi na kuandika kwa mkono, herufi kwa herufi. Kisha wapo waliohifadhi. Picha imekuja mwisho, juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Sisi tulikuwa tumeanza na mwisho, tukaruka mwanzo wote.

Kungoja maji

Maalim alikuwa na ndugu wa mbali katika kisiwa cha Pate, mjini Siyu, nasi tulitamani kufika huko kwa sababu moja. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa historia alitusimulia kwamba katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, na kwamba misahafu ilinakiliwa huko kwa mkono, ikapambwa kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Tulilijibu swali hilo katika mtihani, tukapata alama nzuri, na hatukulifikiria tena.

Boti za Pate hazikuondoka kwa saa ya ukutani. Hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili, na siku zile maji yakitoka hapakupitika. Tulimuuliza nahodha tutaondoka saa ngapi. Alituonyesha bahari. Tukangoja. Tulikaa ukingoni tangu asubuhi hadi karibu na Adhuhuri, tukanunua daftari la shule na kalamu katika duka la jirani, tukaanza kuandika tulichokuwa tumeshindwa kukiandika kwa miezi sita.

Hatutamficha msomaji: mkono uliuma. Mwandiko ulikuwa mbaya, herufi zinapandana kama mbuzi waliotishwa. Lakini kalamu ina tabia ambayo kidole gumba juu ya kioo hakina. Ukikosea, unakata mstari, na kosa lako linabaki pale likikutazama. Katika simu tulikuwa tukifuta, na kila tulichofuta kilikuwa kana kwamba hakikuwahi kusemwa. Katika ukurasa ule wa kwanza tuliandika sababu nne za kupotea kwa majina, na zote nne zilikuwa za simu na fundi. Tukazikata. Chini yake tukaandika kwamba katibu alipewa daftari na akaona uzito kulifungua. Sentensi hiyo hatukuikata.

Maji yalijaa, boti ikaondoka, na kutoka gati la Mtangawanda tuliingia ndani ya kisiwa kwa njia ya mchanga kati ya minazi, hadi Siyu. Ngome ya zamani imesimama kando ya maji, na nyuma yake mji umetulia, nyumba za mawe zilizobomoka zikichanganyika na za makuti.

Ndugu wa Maalim, mzee mwenye umri wa kumpita hata yeye, alitupokea kwa maji ya madafu. Alipokwisha kusikia sisi ni nani na tunafanya kazi gani, alimwita mjukuu wake amletee kifurushi. Alitia udhu upya kabla ya kukifungua. Ndani yake mlikuwa na juzuu moja ya Qur'ani iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi yake nene ilikuja na majahazi kutoka ng'ambo. Wino wake, alivyotueleza, ulipikwa hapa hapa kwa masizi na gundi ya mti, na kalamu ilichongwa kutokana na tete. Wadudu wametoboa pembe za kurasa, lakini maandishi yanasomeka.

Alituonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba chini ya ukurasa, nje ya mistari, mwandishi ameandika neno moja dogo. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kurasa hazikuwa na namba, na uzi ukikatika zikatawanyika, neno hilo humwongoza msomaji azipange upya. Tulilitazama kwa muda mrefu. Yule mwandishi, akiwa bado hajaumaliza ukurasa wake, alikuwa amekwisha kumfikiria mtu asiyemjua, katika siku asiyoijua, ambaye kitabu kitamwangukia na kusambaa mikononi.

La pili lilikuwa ukurasa wa mwisho. Hapo pana maandishi ya mkono mwingine, kwa Kiarabu: juzuu hii ni waqfu, imetolewa na fulani bin fulani kwa ajili ya wazazi wake wawili, haiuzwi wala hairithiwi. Tulitafuta thamani yake, tukijua tabia zetu za ukatibu. Haikuandikwa. Haikusemwa alilipa nini, wala kama alikuwa tajiri au mvuvi. Limeandikwa jina, nia, na wale walioombewa. Mzee alisema, "Hatujui kaburi lake lilipo. Lakini kila anayesoma hapa humrehemu."

Maalim hakusema neno. Alitutazama mara moja tu, kisha akaitazama bahari.

Wino, karatasi na binti

Siyu ina kumbukumbu nyingine ambayo inahusu ukurasa huu wa familia. Hapo ndipo alipotawala Bwana Mataka, na mmoja wa wake zake alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, Mwana Kupona alitunga utendi wa kumuusia bintiye, Mwana Hashima, na mwanzoni mwake humwita binti huyo aje karibu na wino na karatasi. Wapo wanaoujadili utendi huo leo kwa mambo mengi, na si hapa pa kuingia mjadala huo. Lililotugusa ni lile tendo lenyewe. Mama aliyejua kwamba siku zake zinahesabika hakutosheka na kumwambia mwanawe maneno. Alitaka yaandikwe, na mtoto awepo wakati yanaandikwa.

Nasi tukajiuliza: watoto wetu wana nini chetu kilichoandikwa? Tunao binti mwenye umri wa miaka saba. Wiki moja kabla ya safari alikuwa akitusimulia namna alivyohifadhi Sura ya Al-Fiili chuoni, nasi tukimjibu "ehe, ehe" macho yakiwa juu ya simu. Alinyamaza katikati. Tulipoinua uso kumuuliza amefikia wapi, alisema amekwisha kumaliza. Hakuwa amemaliza. Alikuwa amekata tamaa.

Usiku ule Siyu, kwa mwanga wa taa ya sola ya mzee, tulimwandikia binti yetu barua. Ilikuwa kurasa mbili. Tulimweleza habari za punda, za mtoto aliyetuita "ndoo", za neno dogo chini ya ukurasa. Mwisho tukamwomba radhi kwa ile Al-Fiili, na tukamwomba atusomee tena tukirudi, tangu mwanzo.

Tulilorudi nalo

Tulimzuru bibi yake Maalim siku ya kuondoka Lamu. Kaburi halina jiwe lenye maandishi. Maalim alilitambua kwa maelezo ya marehemu mama yake, akasoma, akalia kidogo, tukaondoka.

Tanga tulifika usiku. Binti aliisoma barua yake kesho yake asubuhi, kwa kidole, neno kwa neno, na ilimchukua muda mrefu kuliko kifungua kinywa. Ndiyo barua ya kwanza aliyowahi kupokea. Ameiweka ndani ya Juzuu Amma yake. Kisha alitusomea Al-Fiili, mwanzo hadi mwisho, na hatukuwa na kitu mkononi.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya swala, tulilitoa lile daftari jeusi kabatini tukaenda nalo nyumbani kwa bibi muuza vitumbua, tukiwa na Maalim kama shahidi. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatumiminia chai, akasema, "Mwanangu, mimi nilimpa Mwenyezi Mungu, na Yeye hakuiangusha simu yake majini." Tukainamisha vichwa. Kisha akaongeza, "Lakini andika. Wajukuu wakikua, waone kwamba babu yao ana mkono katika lile paa." Akatutajia jina kamili la marehemu, jina la baba yake na la babu yake, na akangoja mpaka alipoona limekamilika. Tulimuuliza jumla ya alichotoa. Hakuijua. Tukaandika jina na nia, kama tulivyoona Siyu.

Wanazuoni wametufundisha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika: deni la muda liandikwe, mwandishi asikatae kuandika, na watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Sadaka si deni baina ya watu, tunajua. Hata hivyo, adabu ya aya hiyo inamtosha katibu yeyote. Tulikuwa tumeihifadhi tangu chuoni. Kilichotushinda ni hilo neno la kutochoka, na kile kidogo kilichotajwa pamoja na kikubwa.

Kwa faida ya ndugu wenye majukumu kama yetu, tutaeleza kwa ufupi tuliyoyafanya. Kamati imekubali kwamba kila mchango uandikwe daftarini siku ile ile, mbele ya mtu wa pili, na mtoaji apewe kipande cha stakabadhi, hata akitoa shilingi mia mbili. Kila mwisho wa mwezi ukurasa hupigwa picha na picha hiyo huhifadhiwa na watu watatu tofauti, kwa maana hatukuiacha mashine. Tumeirudisha kwenye nafasi yake. Nyumbani, tangu Magharibi hadi Isha, simu zote zinalala ndani ya kikapu juu ya kabati, ya baba ikiwa ya kwanza kuingia. Wiki mbili za mwanzo tulikuwa tukikitazama kikapu kile kama mwenye njaa atazamavyo chungu. Sasa tunasahau mara nyingine kuzitoa. Na makala hii imeandikwa kwa kalamu kwenye lile daftari la shule tulilonunua Lamu, kisha ndipo ikapigwa chapa kwa ajili ya mhariri.

Ijumaa iliyopita tulisoma orodha upya. Hatukuanza na wenye mabati. Tulisoma kwa kadiri ya tarehe ambazo watu wenyewe walituthibitishia, na waliosahau tarehe tuliwaweka kwa herufi za majina yao. Imefika majina themanini na moja. Maalim, ambaye amepiga hesabu na stakabadhi za benki, anasema bado zipo fedha ambazo hazina mwenyewe katika orodha. Kwa hiyo kurasa mbili za daftari tumeziacha tupu. Ikiwa wewe unayesoma hapa ulituma mchango wako, mkubwa au mdogo, kwa mkono wako au wa mtoto, nasi hatukukusoma, tafadhali tujie. Tunakaa msikitini kila siku baada ya Alasiri, kando ya birika, na kalamu tunayo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokipoteza, awarehemu wote waliotangulia ambao majina yao sisi tuliyasahau na Yeye hakuyasahau, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutunza amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.